Gugu linalotambaa lenye maziwa: litambue kwa jani na tunda, si kwa utomvu

Waonyeshe watu kadhaa gugu dogo lililojitandaza chini, lenye vijani vya duaradufu na matawi mekundu, kisha uwaulize ni mmea gani. Mmoja atasema ni mboga. Mwingine atasema hiyo ndiyo dawa ya pumu, wa tatu atasema ni dawa ya mawe ya figo, na wa nne atakuonya usiliguse kwa sababu ni sumu. Huenda kila mmoja wao anaujua vizuri mmea anaousema. Shida ni kwamba wanasema mimea tofauti wakidhani ni mmoja, na kosa hilo lina madhara: kati ya mimea hiyo upo unaoliwa, na upo ambao tone la utomvu wake likiingia jichoni litakupeleka hospitali.

Makala haya yanahusu kundi moja tu kati ya hiyo: magugu ya jenasi ya Euphorbia yanayotambaa, yenye utomvu mweupe kama maziwa. Maarufu zaidi kati yake ni Euphorbia maculata, lenye doa jekundu katikati ya jani, na Euphorbia prostrata, dogo zaidi na linaloshikamana na ardhi. Ndugu yao wa karibu ni Euphorbia hirta, ambalo Waswahili wengi hulijua kwa jina la mziwaziwa. Tutatumia majina ya kisayansi kila inapobidi, kwa sababu majina ya kienyeji hubadilika kutoka mji hadi mji na ndiyo chanzo cha nusu ya mabishano.

Kwanza, ukoo. Jenasi ya Euphorbia ina spishi zinazokaribia 2,000, na imo katika familia ya Euphorbiaceae pamoja na muhogo, mbarika, mbono na mti wa mpira. Mnyaa, ule mti wa vijiti vya kijani unaopandwa kuwa ua, ni Euphorbia pia. Kwa hiyo jenasi moja ina mti mrefu kuliko nyumba na gugu lisilofika kwenye kifundo cha mguu. Kinachoziunganisha spishi zake ni muundo wa maua, ambao tutaufikia.

Majina ya kisayansi nayo yana mkanganyiko wake, na anayetafuta habari vitabuni atakutana nao. Magugu haya yanayotambaa yaliwahi kuwekwa katika jenasi yake yenyewe, Chamaesyce, na vitabu vingi bado vinaandika Chamaesyce maculata au Chamaesyce hirta. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba kundi hilo limechipuka ndani ya Euphorbia, hivyo likarudishwa humo. Aidha, Euphorbia maculata iliandikwa kwa miaka mingi kama Euphorbia supina, huku jina la maculata likipewa mmea mwingine unaosimama wima, ambao leo huitwa Euphorbia nutans. Ukisoma kitabu cha zamani kinachosema maculata husimama wima hadi magotini, mwandishi hakuona vibaya. Alikuwa anaeleza mmea mwingine.

Maziwa peke yake hayatoshi

Watu wengi wakitaka kulitambua gugu hili hukata tawi na kuangalia kama linatoa maziwa. Jaribio hilo ni zuri kwa kuondoa, si kwa kuthibitisha. Usipoona utomvu mweupe kwenye tawi bichi lililokatwa wakati ardhi ina unyevu, huo si mmea wa Euphorbia. Lakini ukiuona, bado hujathibitisha kitu, kwa sababu mpapai, mfenesi na mtini pia hutoa utomvu mweupe, na hakuna hata mmoja wa familia hii.

Utomvu huo hukaa ndani ya seli maalumu, nyembamba na ndefu, zinazoanza kukua mmea ukiwa bado kiinitete ndani ya mbegu na kuendelea kurefuka ndani ya shina, majani na mizizi kadiri mmea unavyokua. Humo kuna msukumo. Ndiyo maana ukivunja tawi, tone hutoka mara moja bila kukamua. Weupe wake unatokana na vitone vidogo mno vya mpira na ulimbo vilivyotawanyika majini. Kwa mmea, kazi yake ni mbili: kuziba jeraha, na kumchoma mdomo anayetaka kula. Haina uhusiano wowote na lishe, wala si maziwa kwa maana ya maziwa.

Mmea usio na shina kuu

Chunguza mche mchanga wa gugu hili, mdogo kiasi cha kulala kwenye ukucha. Utaona majani mawili ya mbegu, na juu yake jozi ya majani ya kawaida. Mimea mingi kutoka hapo ingeendelea kupanda juu kwa shina kuu. Huu haufanyi hivyo. Kilele cha shina hukoma kukua juu kidogo ya majani ya mbegu, na kazi yote huchukuliwa na matawi ya pembeni yanayochipuka kwenye makwapa ya majani hayo, yaani pembe iliyo kati ya jani na shina. Matawi hayo hugawanyika tena na tena, yakienea pande zote kama mkeka. Kila kitu unachokiona, hata mkeka ukiwa mpana kiasi gani, kimetoka kwenye sehemu moja ndogo iliyo juu ya mzizi mmoja mkuu unaoshuka wima.

Jambo hili lina faida kubwa kwa anayepalilia. Matawi ya Euphorbia maculata yana urefu wa kati ya sentimita 10 na 45, na hayatoi mizizi kwenye vifundo, yaani pale majani yanapotokea kwenye tawi. Ukiinua mkeka kutoka pembeni ukafuata matawi hadi katikati, ukashika shingo ya mzizi na kuuvuta wote, umemaliza. Ukinyofoa matawi tu, shingo inabaki na kuchipua upya ndani ya siku chache. Wengi wanaolalamika kwamba gugu hili halifi walikuwa wakiliacha bila shingo kung'olewa.

Isipokuwa Euphorbia serpens. Hiyo hutoa mizizi kwenye vifundo vyake, na kipande kilichobaki kinaweza kuendelea kuishi peke yake. Kwa hiyo kabla ya kuvuta, geuza tawi moja uangalie upande wa chini. Ukiona vijizizi vyeupe kwenye vifundo, utahitaji kijembe kidogo na subira zaidi.

Jani, lisome kwa makini

Majani yamepangwa mawili mawili, yakitazamana kwenye kila kifundo. Kwa maculata, urefu wa jani ni kati ya milimita 4 na 15, na pambizo ina meno madogo mno ambayo huonekana vizuri zaidi upande wa ncha. Kikonyo ni kifupi sana.

Alama iliyo muhimu kuliko zote ni kitako cha jani, yaani pale jani linapoungana na kikonyo. Katika magugu haya kitako hakilingani: upande mmoja wa mshipa wa kati ni mpana na umeshuka chini zaidi, upande wa pili ni mwembamba na umepanda. Chukua jani moja, liweke kwenye karatasi nyeupe, uliangalie. Ukishaiona alama hii mara moja hutaisahau. Maziwa meupe, majani yanayotazamana na kitako kisicholingana vikikutana katika mmea mmoja unaotambaa, unaweza kusema kwa ujasiri kwamba ni wa kundi hili.

Vipi kuhusu lile doa jekundu? Lina msaada, ila watu wanalitegemea kupita kiasi. Mimea mingi ya maculata ina doa hilo, jekundu linaloelekea zambarau, katikati ya jani, lakini ipo isiyo nalo kabisa, na mziwaziwa nao unaweza kuwa na doa kama hilo. Rangi nyekundu ya matawi pia hubadilika: mmea ulio kwenye jua kali huwa mwekundu zaidi kuliko mwenzake aliyefichwa kivulini.

Sasa liinue jani hilohilo uliangalie dhidi ya jua. Utaona wavu wa mishipa ya kijani kilichokoza, na nafasi zenye kijani hafifu katikati yake. Wavu huo unaeleza kwa nini gugu hili hustawi kwenye nyufa za saruji wakati nyasi za pembeni zimekauka. Mimea mingi, hewa inapokuwa na joto kali, hupoteza sehemu ya kazi yake ya usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwa kuwa kimeng'enya kinachopaswa kukamata kabonidioksaidi huanza kukamata oksijeni kwa makosa. Magugu haya yamelikwepa tatizo hilo kwa njia ambayo wataalamu huiita C4, njia ileile inayotumiwa na mahindi na miwa. Kabonidioksaidi hukusanywa kwanza katika seli za kati ya mishipa, kisha husukumwa kwa wingi ndani ya seli za kijani zinazoizunguka mishipa, na hapo ndipo sukari hutengenezwa. Kimeng'enya kikizungukwa na kabonidioksaidi nyingi hivyo, hakina nafasi ya kukosea. Tena mmea unaweza kubana matundu ya majani yake na kutumia maji kidogo bila kufa njaa.

Ua ambalo si ua

Hapa ndipo penye uzuri wa mmea huu, na ndipo watu wengi hupapita. Kwenye makwapa ya majani kuna vitu vidogo vyeupe au vya waridi, vyenye upana wa milimita moja hivi. Kwa macho matupu ni viua vyenye petali nne. Kwa lenzi inayokuza mara kumi, si hivyo hata kidogo.

Kile kinachoonekana kama ua ni kikombe kiitwacho siathia. Siathia ni kama nyumba ambayo mpita njia hudhani anaishi mtu mmoja, kumbe ndani kuna mke mmoja na waume kadhaa. Mke ni ua la kike lililo katikati, lililopunguzwa likabaki ovari tupu juu ya kikonyo, lenye vishingo vitatu vilivyogawanyika ncha. Waume ni maua ya kiume, kila moja limepunguzwa hadi kubaki stameni moja tu, yaani kile kijiti kinachotoa chavua. Hakuna petali wala sepali. Vile vinavyofanana na petali ni vipande vyembamba vilivyoota kwenye pambizo ya tezi nne zilizoko mdomoni mwa kikombe, na tezi hizo hutoa nekta. Sisimizi na wadudu wengine wadogo huifuata nekta hiyo, na katika pitapita zao hubeba chavua. Hata wasipokuja, mmea unaweza kujichavusha wenyewe.

Ua la kike hukomaa kwanza. Baada ya kuchavushwa, kikonyo chake hurefuka na kuitoa ovari nje ya kikombe, ikaning'inia ubavuni. Hapo huwa kitunda chenye pembe tatu, kikubwa kidogo kuliko milimita moja, na kila chumba kati ya vitatu kina mbegu moja. Kikikauka hupasuka kwa nguvu na kuzirusha mbegu umbali mfupi. Muundo huu wa siathia ndio unaouunganisha mnyaa mrefu na gugu hili la chini. Ukiufahamu mmoja umeufahamu ukoo mzima.

Kutofautisha spishi kwa kitunda

Ukishajua uko kwenye kundi lipi, kitunda kitakuambia ni spishi gani. Tumia lenzi, na uchague vitunda vya kijani vilivyokomaa. Kikiwa na vinyweleo vifupi vilivyolala, vimeenea kote, na mmea unatambaa, hiyo ni maculata. Vinyweleo vikiwa vimejipanga kwenye kingo tatu tu, huku katikati pakiwa wazi, hiyo ni prostrata. Kitunda kikiwa kitupu kabisa bila unywele, angalia vifundo: vyenye mizizi ni serpens, visivyo na mizizi huenda ikawa Euphorbia humifusa, yenye asili ya Asia. Euphorbia thymifolia ina tabia ya pekee: kitunda chake hakitoki vizuri nje ya kikombe bali hukipasua ubavu.

Mziwaziwa hauhitaji lenzi. Ni mkubwa kuliko hao wote, majani yake hufika sentimita 4 au 5, matawi huinuka badala ya kulala chini, yana vinywele vya rangi ya manjano, na siathia zake zimekusanyika katika vidonge vya mviringo kwenye makwapa ya majani. Anayechanganya mziwaziwa na maculata kwa kawaida hajawahi kuiona miwili hiyo ikiwa pamoja.

Wanaofananishwa nao

Mboga iliyotajwa mwanzoni mara nyingi ni Portulaca oleracea. Nayo hutambaa, nayo ina shina jekundu, tena huota bega kwa bega na Euphorbia kwenye bustani ileile. Lakini majani yake ni manene na yamejaa maji, ukilivunja shina hutoa maji yasiyo na rangi, maua yake ni ya manjano, na kitunda chake hufunguka kama chungu kilichofunuliwa, kikiwa na mbegu nyingi ndogo nyeusi. Hatari ni pale mtu anapochuma kwa mkupuo. Mimea miwili iliyojifunga pamoja huondoka kwa mkono mmoja, na mmoja wao hauliwi. Anayechuma mboga hii avunje kila shina. Likitoa maziwa, alitupe.

Ile dawa ya mawe ya figo inayosemwa ni Phyllanthus niruri au ndugu yake Phyllanthus amarus. Hizi husimama wima, vijani vyake vimejipanga safu mbili kwenye vijiti vyembamba, na vitunda vyake hukaa mstari chini ya vijiti hivyo. Hazina maziwa. Zamani ziliwekwa kwenye familia moja na Euphorbia, leo ziko kwenye familia yake, Phyllanthaceae. Mwingine anayechanganya watu ni Polygonum aviculare, ambalo hutambaa hivyohivyo, lakini majani yake hupishana badala ya kutazamana, na kila kifundo kimevikwa ala nyembamba kama karatasi.

Madai ya dawa

Mziwaziwa umetumika kwa vizazi vingi katika nchi nyingi kwa kikohozi, pumu na tumbo la kuhara, na dondoo zake zimechunguzwa maabara. Hilo ni kweli. Si kweli kwamba kila gugu lenye maziwa linaweza kushika nafasi yake, wala kwamba uchunguzi wa maabara umeshakupa kipimo salama cha kunywa. Anayebanwa na pumu anahitaji dawa iliyothibitishwa, na anaihitaji haraka.

Dai la kwamba mmea wenye maziwa huongeza maziwa ya mama limejengwa juu ya rangi tu. Tumeshaona utomvu huo una nini ndani yake.

Dai la tatu ndilo linaloleta majeraha: kupaka utomvu kwenye chunjua au madoa ya ngozi. Lina chembe ya ukweli. Euphorbia peplus, ndugu anayesimama wima, ina kemikali iitwayo ingenol mebutate, ambayo ilitengenezwa kuwa jeli ya kutibu madoa ya ngozi yaliyosababishwa na jua na kuidhinishwa Marekani mwaka 2012. Jeli hiyo ilikuwa na kipimo maalumu, ikipakwa siku mbili au tatu tu. Hata hivyo, mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliamua kwamba hatari yake inazidi faida, kwa sababu ya wasiwasi wa saratani ya ngozi mahali palipopakwa. Kama dawa iliyopimwa kwa uangalifu hivyo imeondolewa, tone lisilo na kipimo kutoka kwenye gugu la uani halina utetezi.

Utomvu ukikugusa ngozi, osha kwa sabuni, maana maji matupu hayauondoi vizuri. Ukiingia jichoni, suuza mfululizo kwa maji safi kwa angalau dakika 15, toa lenzi za macho kama umevaa, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Uvimbe wa kioo cha jicho unaosababishwa na utomvu wa Euphorbia unaweza kuongezeka saa kadhaa baadaye.

Kulidhibiti

Nguvu ya gugu hili iko kwenye mbegu na kasi. Mche unaweza kuanza kutoa mbegu baada ya wiki tano hivi tangu kuota, na mmea mmoja uliokomaa hutoa mbegu maelfu. Mbegu za maculata huota vizuri zaidi kwenye joto la nyuzi 24 hadi 29, zinahitaji mwanga, na zikifunikwa kwa zaidi ya sentimita moja na nusu ya udongo haziwezi kutoka. Hapo ndipo pa kuzibana. Matandazo yenye unene wa sentimita 5 hadi 8 huzinyima mwanga. Kulima udongo mara kwa mara hufanya kinyume, kwa sababu kila jembe linalogeuza udongo huzileta juu nyingine zilizokuwa zimezikwa.

Kwenye nyasi, kukata chini sana ni kulisaidia gugu: kisu hupita juu yake bila kuligusa, huku nyasi zikidhoofika na ardhi kubaki wazi kwa jua. Inua kisu, uache nyasi ziwe nene zilitie kivuli. Dawa za magugu zinazochoma majani hufanya kazi vizuri kwenye miche midogo. Mkeka uliokomaa huungua juu, kisha huchipua tena kutoka shingoni.

Palizi ya mkono bado ndiyo njia bora kwa eneo dogo. Lowesha ardhi kwanza, vaa glavu, vuta kutoka shingoni, na urudie kila baada ya wiki tatu ili pasiwe na mche utakaofikia umri wa kutoa mbegu kabla hujaupata. Mmea wenye vitunda usiuache chini ukauke, kwa kuwa vitunda vilivyokaribia kukomaa huendelea kupasuka hata baada ya kung'olewa. Utie mara moja kwenye mfuko na uufunge. Na usidanganyike na ukimya wa msimu wa baridi: mbegu zinazotolewa katikati ya msimu wa joto huweza kuota papo hapo, lakini zile za mwisho wa msimu hulala, zikaamka pamoja joto linaporudi.